Chungu na Kauri: jinsi Dar es Salaam ilivyoanza kufundisha akiolojia, na jinsi nilivyotupa nyumba ya mtu

Siku ya nne ya mafunzo ya uchimbaji nilitupa nyumba ya mtu.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Tulikuwa kwenye kijiji kimoja cha pwani ya kusini ambacho sitakitaja, maana bado tunafanya kazi huko na hatutaki wageni wa usiku wenye majembe. Mimi na mwenzangu tulipewa shimo la mita mbili kwa mbili, mwiko wa mwashi kila mmoja, ndoo, chekeche, na mifuko ya plastiki ya kuwekea vitu kila tunaposhuka sentimita kumi. Vigae tuliweka. Mifupa ya samaki tuliweka. Tulipata shanga moja ya kioo, rangi ya buluu, ndogo kama punje ya mtama, tukaishangilia mpaka kambi nzima ikaja kutazama. Chini kidogo ya hapo udongo ukaanza kutoa mabonge mekundu, magumu, makubwa kama ngumi. Mimi nikaona yanatuchelewesha. Nikayajaza kwenye ndoo na kuyamwaga kwenye lundo la kifusi. Ndoo tatu nzima.

Jioni mwalimu wetu alipita, akaokota bonge moja kwenye lundo, akaligeuza. Upande mmoja ulikuwa laini. Upande wa pili ulikuwa na mifereji miwili iliyokwenda sambamba, upana wa kidole gumba.

"Hii nini?"

"Udongo, mwalimu."

"Udongo umeungua. Na hii mifereji?"

Nikanyamaza. Akaniambia ni alama za fito. Kumbe lile bonge lilikuwa kipande cha ukuta: mtu alisimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika udongo, akaishi humo, na siku moja nyumba ikashika moto. Moto ndio uliougeuza ukuta ukawa mgumu kama tofali. Nyumba isiyoungua, mvua za miaka kadhaa zingeirudisha ardhini na mimi nisingekuwa na cha kutupa. Kesho yake nilikaa juani peke yangu nikichekecha upya kifusi changu chote, wenzangu wakiendelea kushuka.

Kilichoniuma si adhabu. Mimi nimekulia kijijini. Nimesaidia kukandika jiko la bibi yangu zaidi ya mara moja. Nimekanyaga ule udongo, nimerusha matonge ukutani, nimesawazisha kwa kiganja. Mikono yangu inaujua ukuta ule kuliko inavyoijua kompyuta. Na bado sikuuona. Macho yalikuwa yanatafuta shanga, mawe na vipande vya kauri, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeviona kwenye vitabu.

Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya fani yenyewe, nikagundua kwamba kosa langu lina ukoo mrefu na wenye heshima zake.

Mwaka 1955 mwanaakiolojia mashuhuri wa Uingereza, Mortimer Wheeler, alitembelea pwani ya Tanganyika hadi visiwa vya Kilwa. Alirudi Dar es Salaam ameduwaa. Alisema hajawahi kuona vipande vingi vya vyombo vya Kichina kama alivyoviona ndani ya wiki mbili zile, vya kuzoa kwa koleo. Akahitimisha kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini, kuanzia karne ya 10 na kuendelea, imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Maneno hayo yamenukuliwa na kila mtu tangu wakati huo, na sisi darasani tuliyapata wiki ya kwanza.

Sasa simama hapo kidogo. Wheeler hakusema uongo. Kauri zipo, na nyingi kweli. Nenda Kaole, karibu na Bagamoyo, au Kunduchi hapo hapo Dar, utaona kwenye makaburi ya nguzo vishimo vya duara ambamo bakuli za kigeni zilipachikwa kama pambo. Lakini kwenye mahame yoyote ya pwani, kila unapookota kipande kimoja cha kauri unakuwa umeruka rundo la vigae vya vyungu vya kawaida, vya kahawia na vyeusi, vingine bado vina masizi. Koleo lililozoa kauri lilizoa na vyungu. Vyungu ndivyo ambavyo havikuingia kwenye sentensi yake.

Kwa haki, wachimbaji wa enzi ile walikuwa na sababu nzuri ya kuipenda kauri. Ilikuwa saa yao. Mitindo ya vyombo vya China inajulikana kwa nasaba za wafalme, kwa hiyo ukikuta kipande cha aina fulani chini ya sakafu, unajua sakafu hiyo haiwezi kuwa ya zamani kuliko kile kipande. Vipimo vya radiokaboni vilikuwa vipya na vya gharama. Chungu cha mpishi wa Kilwa hakikuwa na kitabu cha kukielezea, kwa hiyo hakikuwa na tarehe, na kitu kisicho na tarehe kiliwekwa mwisho wa ripoti.

Ila saa ikageuka kuwa hoja. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi, Kenya, mwaka 1948, aliandika katika kitabu chake cha 1964 kwamba majengo ya kale ya pwani si ya Waafrika bali ni ya Waarabu na Waajemi waliofuata utamaduni wa Kiarabu, watu waliochanganya damu na Waafrika lakini ambao utamaduni wao ulikuwa mbali kabisa na wa majirani zao. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoa juzuu mbili nene mwaka 1974, alikuwa mwangalifu zaidi. Aliona kwa macho yake kwamba chini ya mawe ya Kilwa kulikuwa na makazi ya zamani zaidi ya watu wa nyumba za udongo, wavuvi na wafanyakazi wa chuma, na aliandika hivyo. Lakini kwake lile tabaka lilikuwa kama utangulizi tu. Mji wenyewe, kwa maana ya mji, ulikuja na wageni.

Usifikiri nawadharau. Juzuu za Chittick ziko mezani kwangu sasa hivi, na michoro yake naitumia kila wiki. Nasema tu kwamba ukienda mahali kwa ajili ya mawe, utachimba penye mawe. Ukichimba penye mawe utapata misikiti, majumba na makaburi ya wenye nacho, na wenye nacho ndio walionunua kauri.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kinafanya nini wakati huo? Kilikuwa kinapigana vita hivyo hivyo, ila kwenye uwanja mwingine. Chuo kilianza mwaka 1961, na ndani ya muongo mmoja Idara yake ya Historia ilijulikana duniani: Terence Ranger, Isaria Kimambo, Walter Rodney. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho kilianza na watu wenyewe, si na meli za wageni. Sura ya mambo ya kale iliandikwa na John Sutton, mwanaakiolojia. Kwa hiyo akiolojia ilikuwepo chuoni, kama somo la kupitia. Lakini Mtanzania aliyetaka kuisomea kama taaluma, achukue shahada yake, ilibidi avuke bahari. Miaka zaidi ya 20 baada ya uhuru, nchi yenye Olduvai, Kilwa na michoro ya miambani ya Kondoa haikuwa na mahali pa kumfundisha kijana wake kuchimba shimo la mita mbili kwa mbili.

Hali ikabadilika mwaka 1985, chuo kilipoanzisha programu ya akiolojia. Mmoja wa walioiasisi alikuwa Mmarekani, Peter Schmidt, na njia aliyokuja nayo ina maana kubwa kwa hadithi hii. Schmidt alikuwa amefanya kazi Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuanza na majengo, maana ya mawe hayakuwepo. Alianza na wazee. Aliwauliza mahali palipotajwa kwenye masimulizi, wakamwonyesha, akachimba. Katuruka, mahali panapohusishwa na mtawala Rugamora Mahe, akakuta mabaki ya kuyeyushia chuma ya kiasi cha miaka 2000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa wanakumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Mtu aliyezoea kusikiliza wafua chuma hawezi kuwafundisha wanafunzi wake kwamba historia imeandikwa kwa kauri.

Mwaka huo huo wa 1985, kwa upande wa lugha, Derek Nurse na Thomas Spear walitoa kitabu chao kuhusu Waswahili. Walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na kwamba maneno ya Kiarabu yaliingia juu ya lugha iliyokuwa tayari imesimama. Walimu wetu wanapenda kusema kwamba wanaisimu walifika kabla yetu. Ni kweli. Ila neno halina tabaka la udongo. Ilibidi mtu akachimbe.

Walioenda kuchimba walikuwa, kwa mara ya kwanza, watu wa hapa. Shirika la utafiti la Sweden, SAREC, lilifadhili Waafrika Mashariki kwenda kusoma Uppsala kwa sharti moja zuri: uchimbaji unafanyika nyumbani. Felix Chami alimaliza udaktari wake huko mwaka 1994. Abdurahman Juma wa Zanzibar alimaliza wake mwaka 2004, juu ya Unguja Ukuu. Upande wa Kenya kina Henry Mutoro, George Abungu na Chapurukha Kusimba walipita njia nyingine za masomo na kurudi na maswali yanayofanana. Mutoro, kwa mfano, alikwenda kwenye kaya za Wamijikenda, yaani upande wa pili wa ule mpaka ambao Kirkman aliuona kuwa ni ukuta.

Kazi ya Chami nitaieleza kidogo kwa sababu ndiyo iliyobadilisha nilichofundishwa, na kwa sababu inahusu vyungu.

Katika miaka ya 1960 Robert Soper alichimba Kwale, kusini mwa Mombasa, akapata vyungu vya wakulima wa mwanzo waliotumia chuma, wa karne za kwanza baada ya Kristo. Utavitambua kwa mdomo. Ukingo wa chungu umekatwa kwa pembe, umebapa, mara nyingi una mifereji myembamba inayozunguka. Mahali pengine, kwenye miji ya pwani ya karne ya 7 hadi ya 10, kulikuwa na vyungu vya aina nyingine: shingoni vina pembetatu zilizochorwa kwa ncha kali na kujazwa mistari. Watu walijua aina zote mbili. Swali lilikuwa hili: je, waliotengeneza pembetatu ni wajukuu wa waliotengeneza midomo ya Kwale, au ni watu wapya?

Wapo waliosema ni wapya. Mark Horton, kwa mfano, aliziita pembetatu hizo kwa jina la Mto Tana na akazihusisha na wafugaji wa kaskazini. Chami akaenda kutafuta kwingine: Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, penye mavi ya chuma tele na vyungu vya aina ya Kwale, kisha maeneo kadhaa nyuma ya Bagamoyo na kandokando ya Dar. Hakuna jengo la mawe hata moja huko. Wengine ni mashamba ya mihogo tu, unapita bila kugeuka. Hoja yake ilikuwa kwamba ukizifuata tabaka moja baada ya nyingine utaona mapambo yanabadilika polepole, vyungu vya Kwale vikizaa vyungu vya pembetatu, bila mahali ambapo uzi unakatika. Na pembetatu hizo hazikai pwani tu. Zinatoka visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na zinaingia bara mbali na bahari. Maana yake, watu wa miji ya kwanza ya pwani na wakulima wa bara walikuwa wanapika kwenye chungu kimoja.

Wale wawili waligombana kuhusu jina la vyungu kwa miaka, na hadi leo ukiandika insha lazima uchague upande au uandike majina yote mawili na mkwaju katikati. Wanafunzi wengi tunachagua mkwaju. Lakini kwenye jambo kubwa zaidi Horton alikuwa anaelekea huko huko. Shanga, kwenye kisiwa cha Pate (jina la mji hilo, si shanga za shingoni), alichimba kuanzia mwaka 1980 na kushuka chini ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe akakuta mwingine, chini yake mwingine, vikipungua ukubwa, mpaka misikiti midogo ya miti ya karne ya 8. Na miti haikuwepo tena. Kilichobaki ni madoa meusi ya duara kwenye mchanga, mahali nguzo zilipooza. Hebu fikiria hilo. Msikiti mzima ni safu ya madoa. Mchimbaji mwenye haraka anaupita kwa koleo moja.

Hapo ndipo ilipokuwa akiolojia mimi nilipoingia chuo. Tulifundishwa kwamba miji ya pwani ilikua kutoka ndani, wenyeji wakijenga kwa udongo, kisha kwa matumbawe, wakiupokea Uislamu na biashara bila kuacha kuwa wenyewe. Niliipokea hiyo kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa. Na nadhani wengi wetu tulikuwa hivyo. Si somo linalokuvutia kwa mshahara. Baba yangu aliniuliza mara moja tu nitaajiriwa wapi, akaona uso wangu, hakuuliza tena. Ajira zipo chache, makumbusho, Mambo ya Kale, na tathmini zinazofanywa kabla ya kuchimba barabara au kulaza bomba. Kijijini nako swali ni lile lile kila kambi: "Mnatafuta rupia za Mjerumani?" Ukikataa sana, wanahakikisha kwamba umezipata. Kwa hiyo mtu anayebaki kwenye fani hii anabaki kwa sababu ya hadithi, na hadithi yetu ilikuwa nzuri.

Nzuri kiasi kwamba wakati mwingine iliwavuta watu wazima mbali kuliko ushahidi. Mapema miaka ya 2000 yalitoka madai kwamba mapango ya Zanzibar yana mabaki ya mifugo ya maelfu ya miaka kabla ya Kristo, jambo ambalo lingeirudisha nyuma sana historia ya ukulima na safari za baharini. Timu nyingine iliporudi pango la Kuumbi katika miaka ya 2010, ikatumia vipimo vipya na kuitazama mifupa mmoja mmoja, haikuona mifugo ya kale kiasi hicho. Darasani hili lilipitishwa haraka. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi kulipita.

Na sasa nirudi kijijini, siku ya tisa ya kambi ile ile.

Kulikuwa na mzee aliyekuja kila alasiri kukaa chini ya mwembe na kututazama. Siku hiyo nilikwenda kumwamkia, nikakaa, tukaongea. Nikamuuliza asili yao. Akaniambia, bila kusita, kwamba babu yao alikuja na jahazi kutoka Shirazi, akamkuta mwenye nchi, mtu wa bara, akampa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa, akamwoa binti yake. Ndiyo simulizi ya Kilwa, inajulikana pwani yote.

Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa akiolojia kichwani. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba wataalamu wameona vyungu, kwamba miji hii ni ya wenyeji, kwamba habari za Shirazi ni heshima ambayo watu walijipa baadaye, hasa wakati wa mkoloni ambapo kuitwa Mshirazi kulikuwa na faida. Nilisema kwa adabu zote. "Mzee wangu" zilikuwa nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe mjukuu wangu, babu yako wewe ulimjua kwa kigae?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilicheka pia, nikaandika kwenye daftari langu la kambi: "Simulizi ya kawaida ya Shirazi." Mstari mmoja. Daftari ninalo.

Machi 2023, nikiwa kwenye shahada ya pili, jarida la *Nature* likachapisha utafiti wa DNA ya kale ya watu 80. Wengi walizikwa kwenye miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Kusimba alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Matokeo yenyewe, kwa kifupi: kwa watu wengi wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa Waafrika, na sehemu kubwa ya uliobaki ulitoka Asia, hasa Uajemi, na kiasi kidogo India. Kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000.

Inajulikanaje nani alitoka wapi? Ndani ya seli zetu kuna DNA ya mitokondria, ambayo mtu huirithi kwa mama tu, na kwa wanaume kuna kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Ukizisoma zote mbili unaweza kuona mstari wa kina mama na mstari wa kina baba mbalimbali. Mstari wa kina mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote. Mstari wa kina baba ulielekea Uajemi.

Soma tena alichoniambia mzee. Babu alitoka Shirazi, bibi alikuwa binti wa mwenye nchi.

Siku ile mtandaoni kulikuwa na kelele za kila aina. Wengine walisema Kirkman kumbe alikuwa sahihi, jambo ambalo si kweli hata kidogo: watu hawa hawakuwa mbali kabisa na majirani zao, walizaliwa na mama zao. Na vyungu vya pembetatu vipo karne tatu au nne kabla ya mchanganyiko huo kuanza. Miji ya kwanza na misikiti ya miti ya Shanga haisubiri mwaka 1000. Wengine, wa upande wangu, walitafuta kasoro haraka haraka. Kasoro moja ni ya kweli na watafiti wenyewe hawakuificha. Mifupa mingi ilitoka kwenye makaburi yaliyo karibu na misikiti na makaburi ya mawe, yaani ya wenye nafasi. Watu 80 wa zaidi ya karne tano, tena wa sehemu moja ya mji, si mji mzima. Nilipoisoma sehemu hiyo nilijisikia kama nimemwona Wheeler amerudi na koleo lake. Tumechimba tena penye mawe.

Lakini hilo halikunifuta aibu ya daftari. Mzee alinipa sentensi yenye watu wawili ndani yake. Wasomi wa zamani walimchukua babu wakamwacha bibi. Mimi nilimchukua bibi nikamwambia mjukuu wake kwamba babu hayupo.

Nilirudi kijijini mwaka uliofuata kwa ajili ya utafiti wangu, na mzee bado alikuwepo, macho tu ndiyo yamefifia. Baada ya shikamoo nilimweleza kuhusu mifupa, kromosomu na Uajemi, kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi kwenye basi. Nikamwomba radhi pia, ingawa nadhani hakukumbuka kwa lipi. Alisikiliza mpaka mwisho kama mara ya kwanza, akatikisa kichwa, akaguna kidogo kuhusu kufukua wafu. Kisha akauliza:

"Na kina bibi, kabla hao hawajaja na jahazi, walikuwa wanakaa wapi?"

Nikamwambia hilo ndilo nililolijia. Akanyoosha fimbo kuelekea nyuma ya magofu, upande wa bara, ambako hakuna jiwe hata moja juu ya ardhi. Tulikwenda pamoja, polepole. Kwenye kichuguu cha panya-buku nikaokota bonge jekundu la ukubwa wa ngumi, lina mifereji miwili sambamba. Hatua kumi mbele kulikuwa na kigae chenye pembetatu nusu, upande wa ndani mweusi kwa masizi.

Nimeandika ombi la kibali kwa ajili ya mashimo mawili mahali hapo. Shamba ni la mikorosho, na mwenyewe amesema tusubiri kwanza msimu uishe.